Jina Kabla ya Hoja: Urithi wa Maoni ya Kisiasa kwa Watoto wa Kampala na Nafasi ya Kiswahili, kutoka Kasri la Buganda hadi Kansanga

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna watoto wa Kampala walivyopokea maoni ya kisiasa kutoka kwa wazazi na wenzao wa shule tangu miaka ya 1870 hadi leo, kwa kuzingatia zaidi maoni kuhusu lugha ya Kiswahili. Ushahidi mkuu ni maneno yenyewe: majina ya makundi na maneno ya mkopo yaliyoingia katika Luganda. Inadaiwa kwamba maoni mapya huanza pale vijana wa rika moja wanapokusanyika mbali na wazee wao, lakini hudumu kwa sababu wazazi huyahifadhi katika jina fupi ambalo mtoto hulipokea kabla ya kupewa sababu zake. Mtaa wa Kansanga, ambako watoto wa Waganda hukua pamoja na wasemaji wa Kiswahili kutoka nchi jirani, unatumiwa kuonyesha mahali ambapo sera ya Kiswahili cha lazima inakutana na urithi huo.

Utangulizi

Anayetoka katikati ya jiji la Kampala kwa Barabara ya Ggaba hupita Nsambya na Kabalagala kabla ya kuingia Kansanga, kisha huendelea Bunga hadi Ggaba, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Ni mwendo mfupi, lakini kwa mtafiti wa lugha una mengi. Nsambya pana kambi ya polisi ambamo watoto wa askari, wazazi wao wakiwa wametoka pembe mbalimbali za nchi, wamekua wakisikia na kusema Kiswahili. Kansanga pana chuo cha Kampala International University, kilichoanzishwa mwaka 2001, ambacho kimevuta wanafunzi wengi kutoka Kenya na Tanzania. Kati ya Kabalagala na Kansanga wamepanga pia wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, Sudan Kusini, Eritrea na Ethiopia. Wote hao wamewakuta Waganda ambao ndio wenyeji. Watoto wao hukutana shuleni, dukani na uwanjani.

Swali letu ni watoto hao huambizana nini, na huambiwa nini nyumbani, kuhusu lugha ambayo nchini Uganda haijapata kuwa lugha tu. Swali hili lina uzito wa kisera. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwanzoni mwa Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliridhia kutekeleza agizo la wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki la kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, likapendekeza kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Tangu hapo mijadala mingi imehusu upungufu wa walimu na vitabu. Upungufu huo ni wa kweli. Hata hivyo, mtoto anayeketi katika darasa la Kiswahili haji akiwa mtupu. Amekuja na neno aliloambiwa nyumbani.

Taaluma ya ujamiishaji wa kisiasa ina jambo la kutusaidia hapa. Jennings na Niemi (1968), waliotumia mahojiano ya mwaka 1965 na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari nchini Marekani pamoja na wazazi wao, waligundua kwamba utiifu kwa chama ulirithiwa kwa nguvu kiasi, ilhali maoni mengine mengi ya kisiasa yalirithiwa kwa udhaifu mkubwa kuliko ilivyodhaniwa. Chama kina jina, nalo hutajwa mezani kila siku. Hoja ya kisera haina jina na hutajwa kwa nadra. Kabla yao, Newcomb (1943) alikuwa ameonyesha, kwa wanafunzi wa chuo cha Bennington, kwamba mabinti waliotoka katika familia za kihafidhina waliweza kubadilika sana ndani ya miaka michache ya kuishi na wenzao wenye mwelekeo tofauti. Watafiti waliokuja Afrika Mashariki katika miaka ya 1960, akiwemo Kenneth Prewitt aliyehariri kitabu kuhusu elimu na maadili ya kisiasa katika kanda hii mwaka 1971, walielekeza macho zaidi shuleni, kwa kuwa serikali changa ziliitegemea shule kujenga taifa. Naona kwamba kwa Kampala mkazo huo uliacha nje nusu ya habari.

Wasomaji wa kasri

Historia ya watoto kupokea siasa kutoka kwa wenzao haikuanza na shule za serikali. Katika karne ya 19, machifu wa Buganda walipeleka wana wao kwenye kasri la Kabaka wawe watumishi, yaani “abagalagala”. Lengo lilikuwa malezi ya utawala: mvulana alijifunza adabu, utiifu na njia za kupanda cheo. Kwa maana hiyo kasri lilikuwa shule ya bweni kabla ya bweni kujengwa, na wazazi hawakuwa karibu.

Mwaka 1875 Stanley alimwacha kwa Kabaka Mutesa I kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa UMCA Zanzibar. Kazi yake ilikuwa kumsomea Mutesa maandiko, naye alifanya hivyo kupitia Kiswahili, lugha iliyokwisha kufika katika kasri hilo na wafanyabiashara wa pwani miongo kadhaa nyuma. Wamisionari wa Kianglikana walifika 1877 na Wakatoliki 1879. Nao pia walianza kwa Kiswahili kabla ya kuimudu Luganda. Wavulana wa kasri wakawa wasomaji. Kusoma kulikuwa kitendo cha kidini na cha kisiasa kwa pamoja, kwa kuwa aliyesoma alipata mamlaka nyingine ya kutii zaidi ya Kabaka.

Kati ya 1885 na 1887 Kabaka Mwanga aliamuru kuuawa kwa wasomaji hao wanaojulikana leo kama Mashahidi wa Uganda. Kizito, mdogo kuliko wote, alikuwa na umri wa kadiri ya miaka 14. Kwa hoja yetu, hata hivyo, mfano ulio wazi zaidi ni Mbaga Tuzinde. Yeye alikuwa mwana wa kulea wa Mukajanga, mkuu wa wanyongaji mwenyewe. Simulizi za Kanisa zinaeleza kuwa Mukajanga alimsihi hadi dakika za mwisho aikane imani yake, naye akakataa, akauawa pamoja na wenzake Namugongo mwezi Juni 1886. Seminari kuu ya Ggaba, mwishoni mwa barabara hii hii ipitayo Kansanga, ina jina lake. Tukiweka kando suala la imani, tunaona nguvu ya wanarika katika hali yake ya juu kabisa: baba aliye na upanga wa dola mkononi alishindwa na wavulana wenzake waliosoma naye.

Kilichofuata kinageuza picha. Vijana waliosalimika walikua, wakawa machifu, wakaoa, wakapata watoto. Januari 1892 makundi mawili ya Kikristo yalipigana Mengo, na Lugard akawaunga mkono Waprotestanti. Makundi hayo hayakujulikana kwa majina ya mafundisho yao. Yaliitwa “Abafalansa” na “Abangereza”, Wafaransa na Waingereza, kwa kufuata asili ya wamisionari. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1895 hakuhitaji kujua tofauti ya ekaristi kwa Wakatoliki na kwa Waanglikana. Alijua yeye ni Mfaransa au Mwingereza, na kwamba ardhi, uchifu na hata mahali pa kuzikwa vilifuata jina hilo. Alichokipata baba kutoka kwa wenzake kwa hatari ya kufa, mwana alikipata kwa kuzaliwa.

Nguvu ya jina inapimika vizuri kilimani Nsambya. Wamisionari wa Mill Hill, ambao walikuwa Wakatoliki kutoka Uingereza, waliletwa mwaka 1895 kwa sababu moja iliyo wazi: kuonyesha kwamba Ukatoliki si Ufaransa. Walipewa Nsambya, wakajenga, na mwaka 1902 wakaanzisha chuo cha Namilyango. Kwa mantiki, kuja kwao kungepaswa kuliua jina “Abafalansa”. Halikufa upesi. Hoja nzuri ilikuwa imekuta jina lililokwisha kukaa kwenye vinywa vya watoto.

Shule za madhehebu zilifanya kazi iliyobaki. Gayaza (1905) na King’s College Budo (1906) zilikuwa za Kianglikana. Namilyango na St. Mary’s College Kisubi (1906) zilikuwa za Kikatoliki. Kwa mtoto aliyesoma humo, mzazi na mwenzake wa bweni walisema jambo moja, na pale sauti hizo mbili zinapolingana hakuna wa kumfanya mtoto aulize. Ndiyo maana vyama vilipokuja, DP mwaka 1954 na UPC mwaka 1960, wapiga kura wengi hawakuhitaji kusomewa ilani. DP ilitaniwa “Dini ya Papa”, na utani ule ulikuwa ufafanuzi kamili kwa aliyeusikia. Chama cha Kabaka Yekka, kilichoibuka mwaka 1961, kilikwenda mbali zaidi: jina lake, “Kabaka peke yake”, ndilo lililokuwa ilani yake, na mtoto wa miaka sita aliweza kulitamka lote bila kukosea.

Tabaka mbili za maneno

Sasa tukigeukie Kiswahili. Luganda ina tabaka mbili za maneno yaliyotoka katika Kiswahili au kupitia kwake. Tabaka la kwanza ni la biashara, dini na kusoma, na lilianza kuingia katika karne ya 19: “ekitabo” (kitabu), “ekkalaamu” (kalamu), “essaawa” (saa), “emmeeza” (meza), “essowaani” (sahani), “ssukaali” (sukari), “eddiini” (dini). Mtoto wa Kansanga anayeamka, kunywa chai yenye sukari kutoka mezani, kutazama saa na kutia kitabu na kalamu kwenye mkoba ameyatumia maneno hayo karibu yote kabla ya kufika shuleni. Hakuna anayemwambia kuwa amesema Kiswahili, wala mzazi wake halioni neno “ekitabo” kuwa la kigeni.

Tabaka la pili ni la dola ya karne ya 20. Humo mna “afande”. Mna “magendo” na “mafuta mingi”, maneno ya miaka ya 1970: la kwanza kwa biashara ya kimagendo iliyofunika uchumi wote, la pili kwa matajiri wapya waliogawiwa mali za Waasia waliofukuzwa mwaka 1972. Mna “saba saba”, jina ambalo Waganda waliipa mizinga ya vita vya 1978 na 1979. Mna “wakombozi”, waliotamkwa “abakomboozi”, yaani wanajeshi walioingia kutoka Tanzania. Kisha mna “panda gari”, jina la misako ya serikali ya pili ya Obote baada ya 1980, ambamo raia wa Kampala walizingirwa, wakaamriwa kupanda malori na kupelekwa kuchujwa. Baadhi hawakurudi. Amri ya maneno mawili iligeuka nomino, na nomino hiyo ndiyo iliyobaki nyumbani.

Tabaka hili la pili ndilo Mganda wa kawaida analolitambua kuwa “Kiswahili”. La kwanza limemezwa. La pili bado linakwama kooni. Kwa hiyo mzazi anapomwambia mtoto kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi, hatoi taarifa ya uongo. Anatoa orodha fupi ya maneno aliyoyasikia, na kila neno lina tarehe.

Hofu iliyotangulia bunduki

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba chuki hiyo ilianza na Amin. Mwaka 1927 Gavana William Gowers aliandika waraka wa kutetea Kiswahili kama lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alijibu kwa waraka wake wa kupinga. Mwaka 1931 Serwano Kulubya, Omuwanika wa Buganda, alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya pamoja ya Bunge la Uingereza kuhusu muungano wa makoloni ya Afrika Mashariki, nako alipinga muungano na Kiswahili pia. Lililokuwa likihofiwa lilikuwa wazi: muungano ungeileta Uganda chini ya kivuli cha walowezi wa Kenya, na ardhi iliyogawanywa katika mkataba wa 1900 isingekuwa salama. Kiswahili kilionekana kama njia ya kupitia. Wamisionari wengi nao walikihofia kwa sababu yao, kwamba kilinukia Uislamu.

Hoja za Kulubya zilikuwa za kina, na mtu wa leo anaweza kuzipinga au kuzikubali. Zilivyoshuka majumbani ni jambo jingine. Walowezi waliondoka, muungano ule haukuwa, hofu ya ardhi ikapata sura nyingine. Lakini hisia kwamba Kiswahili ni cha wengine ilibaki, bila ya sababu iliyoizaa. Askari wa miaka ya 1970 walikuta kiti kitupu, wakakikalia. Idi Amin, askari wa zamani wa King’s African Rifles, alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikipa adui zake uthibitisho ambao Daudi Chwa hakuwahi kuupata.

Kipo kisa kinachopima dai hili. Jeshi la NRA lililoingia Kampala Januari 1986 lilitumia Kiswahili katika amri zake, na wengi jijini waliwasifu askari wake kwa nidhamu. Miongoni mwao walikuwamo watoto, baadhi yao yatima wa vita vya Luweero, walioitwa kwa neno la Kiswahili “kadogo”. Kama uzoefu peke yake ungetosha kuunda maoni, mwaka 1986 ungekuwa mwanzo wa kusafishwa kwa Kiswahili katika Buganda. Haikuwa hivyo. Tume ya elimu ya William Senteza Kajubi ilitoa ripoti yake mwaka 1989, Waraka Mweupe ukafuata 1992, marekebisho ya Katiba ya 2005 yakakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili itakayotumika kadiri Bunge litakavyoelekeza. Miaka yote hiyo lugha hiyo ilisogea kwenye karatasi kwa mwendo wa kinyonga. Uzoefu mzuri wa 1986 haukupata jina la kurithishwa. Ule mbaya ulikuwa nalo.

Mama na baba

Utafiti mkubwa wa lugha nchini Uganda uliofanywa na Ladefoged, Glick na Criper, na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulionyesha kwamba takriban nusu ya wanaume waliweza kuzungumza Kiswahili, ilhali kwa wanawake walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Tofauti hiyo hutajwa mara nyingi kama takwimu ya matumizi ya lugha. Naiona kuwa pia takwimu ya malezi. Mwanaume alikutana na Kiswahili kazini, jeshini, polisi, kwenye reli na safarini. Alikisema, hata kama alikivunja. Mwanamke wa mjini, kwa sehemu kubwa, alikisikia kikisemwa dhidi yake: kizuizini barabarani, sokoni wakati wa msako wa magendo, mlangoni usiku. Na mtoto hujifunza kusema kwa nani kwanza? Maoni yaliyoshuka kwa kizazi kilichofuata yalikuwa, kwa uwiano mkubwa, maoni ya waliokisikia bila kukisema. Sera za lugha zimeandikwa na wanaume waliokitumia Kiswahili, zikakwama kwa wanawake waliokitii.

Mchakamchaka wa aina mbili

Neno moja linaweza kuonyesha umbali uliopo kati ya watoto wa nchi mbili. Nchini Tanzania mchakamchaka ni mbio za asubuhi za wanafunzi wa shule ya msingi, zinazoendeshwa kwa nyimbo. Baadhi ya nyimbo hizo zilimkejeli Idi Amin, nazo ziliendelea kuimbwa na watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya vita vya Kagera. Mwalimu hakuhitaji kufundisha historia ya vita hivyo. Mkimbiaji wa mbele alianzisha, wa nyuma wakaitikia, na mwaka uliofuata wale wa nyuma wakawa wa mbele. Ni urithishaji wa maoni ya kisiasa kutoka kwa mtoto hadi kwa mtoto, na mzazi hakuwapo kabisa. Nchini Uganda neno hilo hilo, “chaka mchaka”, liliitwa mafunzo ya siasa na silaha yaliyoendeshwa na serikali ya NRM kwa watumishi wa umma, wanafunzi na viongozi, Kyankwanzi na kwingineko. Kwa Mtanzania neno hilo lina vumbi la uwanja wa shule. Kwa Mganda lina magwanda.

Ajabu ni kwamba katika vyumba vya kupanga vya Kansanga watu hawa wawili wanaweza kuwa majirani. Mwanafunzi kutoka Mwanza aliyekua akimkejeli Amin kwa Kiswahili anaishi mlango wa pili na familia inayoamini kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya Amin. Wote wawili wamerithi chuki dhidi ya mtu mmoja. Mmoja aliirithi kwa Kiswahili, mwingine aliirithi pamoja na Kiswahili chenyewe. Wenzetu wa Tanzania wanaoshangaa katika makongamano kama haya kwa nini Waganda “wanakataa” lugha wangefaidika kwa kuutafakari ujirani huo kabla ya kutoa ushauri.

Kansanga ya leo

Mzazi mwenye umri wa miaka 40 leo hakumwona Amin, na mwaka 1986 alikuwa bado hajui kutembea au hajazaliwa. Anachomwambia mtoto wake kuhusu Kiswahili amekipokea kwa mama yake. Mtoto wa darasa la tano Kansanga anapokea, basi, kitu cha mkono wa tatu. Katika hali hiyo tungetarajia urithi uwe umechujuka. Kwa kiasi umechujuka, lakini jambo lililoupunguza nguvu si muda peke yake.

Tuutazame mfano wa karibuni. Katika kipindi cha kampeni na uchaguzi wa 2020 na 2021, wakazi wa Kampala walianza kuyaita “drone” magari yasiyo na namba yaliyotumika kuwachukua watu, wengi wao wafuasi wa upinzani. Watoto walilijua neno hilo. Kwa kazi yake, “drone” ni mjukuu wa “panda gari”: gari, kukamatwa, mtu kutojulikana alipo. Lakini neno hili ni la Kiingereza, na hakuna mzazi wa Kampala aliyehitimisha kuwa Kiingereza ni lugha ya watekaji. Kwa nini? Kwa sababu Kiingereza tayari kina jina jingine nyumbani: ni lugha ya karo, ya mtihani, ya kazi ya ofisini, ya mtoto aliyefaulu. Doa likidondoka juu yake linafutika siku hiyo hiyo. Kiswahili hakikuwa na jina la pili la kukikinga. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba tatizo la Kiswahili Uganda ni ukatili uliofanywa kwa lugha hiyo. Ukatili hufanywa kwa lugha yoyote iliyopo. Tatizo ni kwamba katika nyumba nyingi za Buganda ukatili ndiyo habari pekee iliyokuwapo kuihusu.

Kansanga inaanza kutoa habari nyingine, na inaitoa kupitia wenzao wa shule. Mtoto wa Mganda anayetumwa dukani hukuta foleni ya Wakongo na Wakenya wanaouliza bei kwa Kiswahili. Darasani ameketi na mtoto kutoka Bukavu au Goma ambaye Kiswahili chake hakifanani na cha kitabu cha mwalimu, lakini ndicho anachochezea. Lugha aliyoambiwa ni ya askari inamjia ikiwa ya mpira, ya salamu na ya utani. Hoja ya nyumbani haijajibiwa. Imepata tu jirani. Kama historia ya kasri la Mutesa inatufundisha chochote, ni kwamba maoni yanayoingia kwa njia hii ndiyo ambayo kizazi kijacho kitayapokea kwa kuzaliwa.

Sina budi kutahadharisha. Wanarika hawatoi tu majina mazuri. Kansanga hiyo hiyo inaweza kuzaa jina jipya la Kiswahili: lugha ya wageni, ya wapangaji wanaopandisha kodi, ya wakimbizi. Mtoto anayemtania mwenzake wa Kongo kwa lafudhi yake naye anafanya siasa, na utani huo utakuwa na wajukuu. Hadi sasa majina yote mawili yako hai katika uwanja mmoja, na hakuna waraka wa wizara utakaoamua lipi litashinda.

Yapo, hata hivyo, yanayoweza kufanywa na watunga sera. Mtaala wa 2020 una masomo mawili ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili yanayohusika hapa: Kiswahili, na somo linaloitwa Historia na Elimu ya Siasa. Yanafundishwa kwa vipindi tofauti na walimu tofauti. Mwalimu wa Kiswahili anafundisha ngeli kana kwamba wanafunzi hawajapata kuisikia lugha hiyo. Mwalimu wa historia anafundisha miaka ya 1971 hadi 1986 kana kwamba haikuwa na lugha. Hakuna kipindi ambamo “panda gari” na “ekitabo” huandikwa ubaoni pamoja. Kuyaandika pamoja ni kazi ya dakika chache na haihitaji bajeti. Mwanafunzi angeagizwa aende nyumbani akamwulize bibi yake maneno ya Kiswahili anayoyakumbuka, arudi nayo darasani, na darasa liyapange kwa miaka. Bibi angekuwa ameulizwa kwa mara ya kwanza na mtu asiyetaka kumbishia.

Agizo kama hilo lingefaa zaidi kutolewa mwezi Juni, kabla ya maadhimisho. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwezi Novemba 2021, na tarehe hiyo inakumbusha siku ambayo TANU, mwaka 1954, ilikifanya Kiswahili kuwa silaha yake ya ukombozi. Tanzania huiita Saba Saba na huisherehekea kwa maonyesho ya biashara. Shule za Kampala nazo sasa huialika siku hiyo kwa mashairi na ngoma. Katika nyumba ya Kansanga, mtoto akirudi na kumwambia bibi yake mwenye miaka 65 kwamba kesho shuleni wanasherehekea Saba Saba, bibi huyo atasikia mizinga ya Aprili 1979 ikiukaribia mji. Mwalimu aliyetunga hotuba ya maadhimisho angepaswa kulijua hilo kabla ya kuisoma.